Mavuno ya Bustani Yanapoharibika Baada ya Kuhifadhiwa: Dalili na Visababishi kwa Wakazi wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Mtu anayelima bustani nyuma ya nyumba yake Bwiru, Kisesa au Nansio mara nyingi hapungukiwi mavuno. Anachopungukiwa ni namna ya kuyafikisha miezi mitatu au minne mbele yakiwa bado ni chakula. Nyanya huiva zote kwa pamoja, maembe huanguka mengi kuliko watoto wanavyoweza kuyala, kunde hutoa majani kwa wiki chache kisha hukauka, na viazi vitamu vikishakomaa havisubiri. Wengi hujaribu kukausha, kutengeneza jemu au kuhifadhi kwenye chupa, na wengi huacha baada ya kupata hasara ya kwanza, kwa kudhani kwamba kazi hii inahitaji mitambo. Haihitaji mitambo. Inahitaji kujua kwamba sehemu kubwa ya maelekezo yanayozunguka mikononi mwa watu yaliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi joto 100 na hewa ya usiku ni kavu.

Mwambao wetu hauna sifa hata moja kati ya hizo mbili. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu zaidi ya hapo, kwenye vilima na miamba. Kwa hiyo maji yaliyo kwenye sufuria ya kawaida huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi, na hayapandi zaidi ya hapo hata moto uchochewe namna gani. Pili, hewa ya kando ya ziwa hubeba unyevu, na jua likishazama unyevu huo huingia katika chochote kikavu kilichoachwa nje. Liko pia suala la kalenda: viazi vitamu huvunwa kwa wingi kiangazi kinapoanza, jambo linalomsaidia mkaushaji, lakini maembe hupamba moto kuanzia Novemba, wakati mvua za vuli zingali zinanyesha.

Mwongozo huu unaanza na kile mtu anachokiona kwa macho, kisha unarudi nyuma hatua moja au mbili, kwa sababu kosa mara nyingi halipo pale dalili inapojitokeza. Ukungu unaogunduliwa ndani ya mfuko mwezi Septemba ulianza siku ile ya Julai ambayo vipande vilikatwa vikiwa vinene mno, au vililala nje usiku mmoja tu.

Maembe yanaota madoa meusi yanapoiva

Embe limechumwa likiwa safi, limewekwa ndani, na baada ya siku chache madoa meusi yaliyodidimia yanatokea kwenye ganda na kuungana. Huu ni ugonjwa wa chule, unaoletwa na kuvu. Wengi hulaumu mahali pa kuhifadhia, lakini kuvu huyo aliingia zamani, mvua ilipolowesha maua na matunda machanga, akakaa kimya ndani ya ganda hadi tunda lilipoanza kuiva. Kuosha tunda wakati huo hakumwondoi. Mwenye kipimajoto anaweza kulizamisha embe lililokomaa lakini bado ni bichi katika maji ya nyuzi joto 52 kwa dakika tano hadi kumi mara tu baada ya kuvuna, kisha akalipoza na kulikausha. Asiye na kipimajoto asikisie, kwa sababu maji yakizidi joto huunguza ganda. Tiba ya kudumu iko mtini: kupunguza matawi ili upepo upite, kuondoa vijiti vilivyokufa, na kukusanya majani na matunda yaliyooza chini ya mti.

Madoa yakiwa na umbo la michirizi ya kahawia inayotoka kwenye kikonyo na kushuka ubavuni, hayo si chule. Huo ni utomvu uliounguza ganda. Embe linalovutwa kwa mkono au kupopolewa hukatika kikonyo chake karibu kabisa na tunda, na utomvu mkali hububujika. Kata kikonyo kwa kisu au mkasi ukiacha kipande chenye urefu wa kidole, kisha kikate kifupi ukiwa chini na uliinamishe tunda lichuruzike mbali na ganda lake.

Funza ndani ya embe ambalo nje linaonekana zima ni kazi ya inzi wa matunda. Aina iliyoleta hasara kubwa zaidi Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa katika bara hili mwaka 2003, na tangu wakati huo tabia ya kuacha maembe hadi yaive mtini imekuwa ya gharama. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani yake, na hupendelea tunda linaloanza kuiva. Vuna embe likiwa limekomaa lakini bado gumu: mabega yake yamejaa hadi kupita kiungo cha kikonyo, na nyama yake ikikatwa imeanza kugeuka manjano karibu na kokwa. Yaliyoanguka yasiachwe chini wala yasitupwe kwenye shimo la mboji. Yafungwe katika mfuko wa plastiki mweusi na kuachwa juani siku kadhaa, au yafukiwe kwa kina kisichopungua nusu mita.

Embe lililochumwa kabla halijakomaa halitaiva. Litanyauka na kubaki gumu na chachu. Hilo lipelekwe kwenye achari, ambako uchachu wake ni faida.

Nyanya zinaoza kwenye tenga

Nyanya inayooza kuanzia kitakoni, ikiwa na bapa jeusi kavu, ilidhurika shambani: mmea ulikosa kalisi ya kutosha katika tunda kwa sababu ulimwagiliwa siku moja ukaachwa siku nne. Sehemu iliyobaki inalika, lakini nyanya hiyo isiingie kwenye chupa ya kuhifadhia. Nyanya iliyopasuka karibu na kikonyo ilipata mvua kubwa baada ya kiu ya muda mrefu; ikionekana kwamba mvua inakuja, ni afadhali kuchuma zile zilizoanza kubadilika rangi na kuziacha ziive ndani. Vitobo vidogo chini ya kikonyo pamoja na vinyesi vyeusi ni alama ya kantangaze, kiwavi wa nondo anayetoboa nyanya, na nyanya ya namna hiyo haina budi kutengwa siku ileile.

Kipo kisababishi kimoja ambacho hakitajwi sana, nacho ni kuosha. Nyanya zilizochumwa saa nane mchana zina joto la jua ndani yake. Zikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji baridi, hewa iliyomo ndani ya tunda husinyaa na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, na maji hayo huingia pamoja na bakteria waliokuwa juu ya ganda au ndani ya ndoo. Kesho yake nyanya huonekana nzima. Keshokutwa imelainika na kutoa maji yenye harufu. Chuma asubuhi umande ukishakauka, acha nyanya zipoe kivulini, na usizioshe hadi wakati wa kuzitumia. Ikilazimu kuosha mapema, maji yawe na uvuguvugu unaozidi kidogo joto la nyanya zenyewe, na yawe safi: maji ya ziwani yaliyochotwa ufukweni karibu na makazi ya watu hayafai bila kutibiwa.

Viazi vitamu: uchungu, weusi, ukungu na unga

Hapa ndipo penye urithi mkubwa zaidi wa maarifa Usukumani, na ndipo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi tusiupoteze. Michembe hukatwa kutoka kwenye viazi vibichi vilivyomenywa na kuanikwa. Matobolwa hukatwa kutoka kwenye viazi vilivyochemshwa kwanza. Tofauti hiyo hubadilisha namna kila kimoja kinavyoharibika, na anayetafuta kisababishi bila kuitambua atatibu kitu kisichoumwa.

Michembe ikiwa michungu hata baada ya kupikwa, tatizo lilianzia ardhini. Kiazi kilichoshambuliwa na fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hutengeneza kemikali za kujilinda, na uchungu huo hauondolewi kwa kukausha wala kuchemsha, wala hauishii kwenye kitobo tu, bali husambaa kwenye nyama inayokizunguka. Wakati wa kumenya, kila kiazi chenye vijishimo vyeusi kikatwe katikati na kukaguliwa, na kikiwa na njia za fukusi kiwekwe kando. Ni desturi ya nyumba nyingi kuwarushia ng'ombe mabaki hayo. Desturi hiyo ni ya hatari: viazi vitamu vilivyoota ukungu huweza kuwa na sumu inayoharibu mapafu ya ng'ombe, na mnyama anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Vifukiwe. Kwa msimu unaofuata, udongo upandishwe juu ya matuta kila unapopasuka, kwa kuwa fukusi hukifikia kiazi kupitia nyufa hizo, na viazi visiachwe shambani kiangazi kizima kama vile shamba ni ghala.

Michembe ikiwa na weusi au ukijivu ingawa viazi vilikuwa vizima, hewa ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Nyama ya kiazi iliyokatwa hubadilika rangi inapokutana na hewa, na kadiri vipande vinavyokaa kwenye beseni vikisubiri kuanikwa ndivyo vinavyozidi kuwa vyeusi. Chakula hicho si kibaya, lakini sokoni hakipendezi. Vipande vikidondokea moja kwa moja kwenye maji safi yenye chumvi kidogo au maji ya limau, kisha vikachujwa na kuanikwa mara moja, hubaki vyeupe. Matobolwa hayana tatizo hili kwa kiasi hicho, kwa sababu moto umekwisha kuvunja vimeng'enya vinavyoleta weusi.

Ukungu ni habari nyingine. Ukungu wa kijani, mweusi au wa rangi ya machungwa juu ya michembe humaanisha kwamba unyevu ulibaki ndani au uliingia baadaye, na njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili ni kuvunja kipande. Chukua kipande kinene kuliko vyote kwenye fungu, si chembamba, na ukivunje karibu na sikio. Kilichokauka hukatika kwa mlio, na ndani yake ni kikavu hadi katikati kama chokaa. Kilichobaki na unyevu hupinda kwanza kabla ya kukatika, na ukikibonyeza katikati kwa ukucha utaona alama ikibaki. Ikiwa vipande vyote vya fungu hupinda, vilifungwa mapema mno. Ikiwa vya juu na vya pembeni ndivyo vinavyopinda huku vya katikati vikivunjika kwa mlio, unyevu uliingia kutoka nje, pengine kwa mfuko uliolazwa sakafuni au kuegemezwa ukutani.

Vipande vya milimita tatu hadi tano vinatosha. Kisu cha mkono mara nyingi hutoa vipande visivyolingana, na kipande kimoja chenye unene mara mbili ya wenzake huambukiza mfuko mzima. Anika juu ya wavu au chekeche iliyoinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite juu na chini. Mwamba wenye jua kali, ambao Mwanza tunao kila kona, hukausha haraka upande mmoja lakini huhitaji kugeuza mara kwa mara na hauwazuii kuku wala vumbi. Kila jioni, kabla jua halijazama, vipande vikusanywe na kuingizwa ndani. Kuvifunika kwa turubai nje hakutoshi, kwa sababu unyevu hupanda kutoka chini na kunasa kwenye turubai kwa ndani. Michembe iliyoota ukungu isipanguswe na kuanikwa upya: baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo haionekani na haiondolewi kwa kupika.

Ukikuta vumbi laini la unga chini ya mfuko na vitobo vya mviringo kwenye vipande, hao ni wadudu wa ghalani, akiwamo dumuzi, ambaye hutafuna mihogo mikavu na mahindi pia. Mara nyingi walikuwa tayari ndani ya nyumba, kwenye gunia la mwaka jana. Michembe mipya isiwekwe kamwe kwenye gunia kuukuu lisilochemshwa, wala karibu na mahindi yaliyobunguliwa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama PICS, huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote, mradi kilichomo kimekauka barabara na hewa imekamuliwa kabla ya kufunga kila tabaka peke yake. Kwa kiasi kidogo cha nyumbani, ndoo yenye mfuniko unaobana, iliyojazwa hadi juu, hufanya kazi ileile.

Kuhusu viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, rangi ikififia na kuelekea weupe maana yake ni kwamba vitamini A inapotea pamoja nayo. Mwanga na hewa ndivyo vinavyoiharibu. Vikaushwe kivulini au ndani ya kaushio la jua lililofunikwa, vihifadhiwe mahali penye giza, na viliwe kwanza, kabla ya michembe ya kawaida.

Mboga za majani: rangi ya kahawia, harufu na mchanga

Nsansa, yaani mboga iliyokaushwa, ya majani ya kunde inayogeuka kahawia na kupoteza harufu yake ilianikwa juani moja kwa moja, au haikupitishwa kwenye maji ya moto. Maji lita nne kwa nusu kilo ya majani yachemke sawasawa, majani yatumbukizwe kwa dakika mbili hadi tatu, yatolewe na kupozwa mara moja kwa maji safi ya baridi, yachujwe, kisha yatandazwe kivulini penye upepo. Sufuria ikijazwa majani mengi kwa mara moja, maji huacha kuchemka, na majani huiva nusu nusu. Matokeo yake ni mchanganyiko wa kijani na kahawia ambao watu hudhani umetokana na jua. Baadhi ya watu huongeza magadi ili rangi ibaki. Rangi hubaki kweli, lakini magadi huharibu vitamini C na kuyafanya majani yawe laini mno yanapopikwa, nami sioni sababu ya kuyatumia ilhali maji yanayochemka vizuri hutoa rangi nzuri.

Majani yakiwa na harufu ya samaki, sababu yake ni ya hapa hapa. Majani makavu hufyonza harufu, na katika vijiji vya wavuvi dagaa huanikwa kila penye nafasi. Eneo la mboga liwe upande ambao upepo unatoka, si upande unaoelekea, na hifadhi zao zitenganishwe pia ndani ya nyumba. Tena, wako wale wadudu wadogo wa ziwani ambao siku nyingine hupaa kwa makundi juu ya maji na kuletwa nchi kavu na upepo. Hawana sumu, lakini wakitua kwenye mboga yenye unyevu hawatoki. Chandarua chenye matundu madogo juu ya chekeche humaliza tatizo hilo pamoja na la inzi.

Vipande vya maembe: vigumu nje, vibichi ndani

Kipande kinachoonekana kikavu kikiwa kwenye kaushio, lakini baada ya siku tatu ndani ya chupa kikawa kinanata na kutoa majimaji, kilifunga ganda. Joto la mwanzo lilikuwa kali mno, uso ukakauka na kuzuia maji ya ndani yasitoke. Nyuzi joto 55 hadi 60 zinatosha kwa matunda. Kaushio la jua likizidi hapo, fungua zaidi matundu ya hewa: upepo ndio unaobeba maji kuyatoa, na kaushio lenye joto kali lisilopitisha hewa ni jiko la mvuke. Vipande visizidi unene wa milimita nane, na maembe yenye nyuzi nyingi ni bora yaende kwenye jemu.

Mvua ya vuli ikikatiza ukaushaji siku ya kwanza, vipande hivyo visiachwe hadi kesho vikisubiri jua. Vipikwe kuwa jemu jioni hiyohiyo. Vikiwa vimekwisha kupita nusu ya safari, vinaweza kuingizwa ndani na kutandazwa mahali penye hewa, visirundikwe.

Hatua inayookoa zaidi, na inayorukwa na wengi, huja baada ya kukausha. Jaza vipande kwenye chupa ya kioo hadi theluthi mbili, ifunge, na uitikise kila siku kwa wiki moja, ili unyevu uliobaki kwenye vipande vinene usambae sawasawa. Yakionekana matone kwenye kioo kwa ndani, vipande virudi kaushioni. Tunda lililo tayari hupinda bila kukatika, na likifinywa kwa nguvu halitoi majimaji. Majani na mboga nyingine zinapaswa kukauka zaidi ya hapo, hadi zivunjike. Palipo na friza, vipande vikikaa humo saa 48 kabla ya kuhifadhiwa, mayai ya wadudu yaliyobaki hufa.

Jemu isiyoganda, au iliyoganda kupita kiasi

Maelekezo mengi husema jemu iko tayari kipimajoto kinapofika nyuzi 104 au 105. Hilo ni kweli Tanga na Dar es Salaam. Kinachotakiwa hasa ni nyuzi nne au tano juu ya kiwango ambacho maji huchemka mahali hapo, na kwa Mwanza hiyo ni 100 au 101. Anayesubiri 104 hapa atapata jemu ngumu, nyeusi kidogo na yenye ladha ya sukari iliyoungua. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, kisha ongeza nyuzi nne. Asiye nacho aweke tone la jemu kwenye sahani baridi, alisubiri dakika moja, kisha alisukume kwa kidole: likikunjamana, limefika.

Jemu ikibaki majimaji ingawa imefika joto hilo, imepungukiwa uchachu au pektini, kile kilichomo kwenye tunda kinachoigandisha jemu. Mapapai na maembe yaliyoiva sana hayana uchachu wa kutosha, na mananasi yana pektini kidogo. Limau hutibu upungufu wa uchachu, na mapera ambayo hayajaiva sana, yakichanganywa na tunda hilo, hutibu ule wa pektini. Kupunguza sukari ili kubana matumizi huleta pia jemu laini inayoota ukungu mapema, kwa kuwa sukari ndiyo inayoyafunga maji. Punje za sukari zikitokea baadaye, ama sukari ilizidi ama haikuyeyuka yote kabla ya mchemko. Jemu yenye ukungu juu itupwe chupa nzima. Ili ukungu usirudi, jemu imiminwe ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa, iachiwe nafasi ya nusu sentimita tu juu, mdomo wa chupa ufutwe, kisha chupa zilizofungwa zichemshwe zikiwa zimefunikwa kabisa na maji kwa dakika 10 badala ya tano zinazotajwa kwa pwani.

Mfuniko uliovimba kwenye chupa ya nyanya

Sehemu hii isomwe kwa utulivu, maana hapa kinachoweza kupotea ni maisha ya mtu. Mfuniko uliovimba, chupa inayovuja, povu, maji yanayoruka inapofunguliwa, au harufu isiyo ya kawaida: lolote kati ya hayo likionekana, chakula hicho kisionjwe hata kwa ncha ya ulimi, na kisitupwe mahali ambapo kuku au mbwa watakifikia. Sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum inaweza kuwamo hata harufu ikiwa nzuri. Mbegu za bakteria huyo hustahimili maji yanayochemka, na huamka pale zinapopata mahali pasipo na hewa, penye unyevu na uchachu mdogo, yaani ndani ya chupa iliyofungwa.

Kinga ni uchachu. Bakteria huyo hakui penye pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikishuka uchachu huongezeka) ya 4.6 au chini ya hapo. Nyanya ziko mpakani kabisa: nyingine ziko chini ya kiwango hicho, nyingine, hasa zilizoiva kupita kiasi, huvuka. Kwa hiyo kila chupa ya lita moja iwekwe vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau yanayouzwa kwenye chupa, kwa kuwa uchachu wake umepimwa, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Chupa ya nusu lita iwekwe nusu ya vipimo hivyo. Nyanya zilizopondwa na kumiminwa zikiwa za moto huchemshwa ndani ya chupa kwa dakika 35 kwa nusu lita na 45 kwa lita moja katika maeneo ya pwani. Kwa urefu wa mwambao wetu, ongeza dakika 10 kwa kila moja: 45 na 55. Muda huanza kuhesabiwa maji yanapochemka kikamilifu, na maji yakikatika kuchemka, hesabu huanza upya. Vitunguu, hoho na karoti visichanganywe humo kwa kukisia, kwa sababu hupunguza uchachu.

Mfuniko usiobonyea katikati baada ya kupoa haukufunga. Chunguza mdomo wa chupa kama una ufa au mbegu ya nyanya iliyonasa, na mpira wa mfuniko kama umekakamaa. Mifuniko ya chupa zilizokuwa na vyakula vya dukani hupoteza mpira wake haraka, na ni sehemu mojawapo ambayo ubanaji wa pesa hauna faida. Chupa ambayo haikufunga iwekwe kwenye jokofu na kutumika ndani ya siku chache.

Maharage mabichi, mahindi, karoti, bamia na mboga za majani visihifadhiwe kwenye chupa kwa kuchemsha maji, hata kwa saa tano. Havina uchachu, na maji yetu ya nyuzi 96 hayawezi kufidia kwa muda. Vikaushwe au vigandishwe. Kitunguu saumu au pilipili mbichi iliyozamishwa katika mafuta na kuachwa kabatini iko katika kundi hilohilo la hatari.

Achari na friza

Achari iliyolainika ilitokana na maembe yaliyoanza kuiva au chumvi kidogo, na ile iliyoota utando juu ilikuwa na vipande vilivyojitokeza nje ya siki. Vipande vikandamizwe viwe chini muda wote, na siki iwe yenye asidi ya asilimia tano, jambo linaloandikwa kwenye chupa yake.

Mboga zilizogandishwa zikiwa na ladha ya nyasi kavu baada ya mwezi mmoja, hazikuchovywa kwenye maji ya moto kabla ya kugandishwa, na vimeng'enya viliendelea na kazi polepole ndani ya baridi. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hulinda vilivyomo kwa takribani siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja. Umeme ukirudi, mifuko ambayo bado ina chembe za barafu ndani inaweza kugandishwa tena. Iliyoyeyuka kabisa lakini bado ina ubaridi wa jokofu ipikwe siku hiyohiyo, na iliyokwisha kupata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili itupwe.